SOMO LA WANACHAMA: ADA NDOGO NDOGO NA KESI YA WENGI

Kusudi la somo hili ni kuwaonyesha wanachama na Kamati za vyama jinsi watu wengi wenye hasara ndogo ndogo wanavyoweza kudai haki yao kwa pamoja, na mahali ambapo njia hiyo hukomea. Mfano wenyewe umetoka Marekani.

Chanzo cha malalamiko

Mteja akitumia fedha kupita salio lake, benki yaweza kumlipia, kisha ikamtoza ada ya ovadrafti. Katika benki kubwa nyingi za Marekani ada hiyo ilifikia kama dola 35 kwa kila malipo. Lakini lililowaudhi wateja zaidi lilikuwa namna ya kuandika hesabu. Baadhi ya benki hazikufuata mpango wa malipo yalivyotokea, bali zilitanguliza malipo makubwa.

Kwa mfano, mteja ana dola 100. Katika siku moja ananunua vitu vya dola 10, 15 na 20, kisha analipa deni la dola 90. Yakiandikwa kwa mfuatano huo, ni malipo ya mwisho tu yanayopita salio, na ada ni dola 35. Dola 90 zikitangulizwa, kisha 20, 15 na 10, malipo matatu hupita salio, na ada huwa dola 105. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho kilikuwa cha benki.

Wengi huwa mdai mmoja

Si rahisi mtu kuajiri wakili kwa ajili ya dola 70. Kwa hiyo sheria ya nchi hiyo huruhusu wachache kushtaki kwa niaba ya wote waliopatwa na hasara ya namna moja. Mwaka 2009 kesi za aina hii dhidi ya benki mbalimbali zilikusanywa katika mahakama ya shirikisho mjini Miami, mbele ya Jaji James Lawrence King. Mwaka 2011 Jaji huyo aliidhinisha maafikiano ambayo Bank of America, bila kukiri kosa, ilikubali kulipa dola milioni 410.

Mgawanyo wa fedha

Wateja waliohusika walizidi milioni 13. Mawakili walipewa asilimia 30, yaani dola milioni 123. Zilizosalia, kama zingegawanywa sawasawa, zisingefika dola 23 kwa mtu, pungufu ya ada moja. Ndiyo maana baadhi ya wateja walipinga maafikiano hayo, wakisema ni kidogo mno.

Funzo

Umoja humpa mnyonge sauti, lakini haumrudishii yote aliyopoteza. Kinga iliyo bora ni kuikagua hesabu mapema. Yampasa mweka hazina kulinganisha kila mwezi taarifa ya benki na daftari la fedha, kudai maelezo ya kila ada, na kuisomea Kamati majibu aliyopata.

Maswali ya kujadiliwa

1. Je, Kamati yenu inazijua ada zote zinazokatwa katika akaunti ya chama?
2. Katika mfano wa hapo juu, mpango wa kuandika malipo uliongeza ada kwa kiasi gani?
3. Ni bora kukubali maafikiano madogo leo au kungoja hukumu isiyo na hakika? Toeni sababu.