Kamba Kutoka Jangwani: Pwani Kavu ya Al Lith Ina Mafunzo Gani kwa Kilifi?

Kusini mwa Jeddah, nchini Saudi Arabia, kuna mji mdogo wa Al Lith ulio ufuoni mwa Bahari ya Shamu. Mvua huko ni haba mno, mto wa kudumu hakuna, na ardhi iliyo karibu na maji ni tambarare ya mchanga na chumvi isiyomfaa hata mbuzi. Hata hivyo, ni hapo ambapo kampuni iliyoanza miaka ya 1980, ikijulikana kama National Prawn Company, ilijenga mojawapo ya mashamba makubwa zaidi ya kamba duniani. Kamba hao ni jamaa ya wale wanaovuliwa Ghuba ya Ungwana na kwenye midomo ya mito Tana na Sabaki.

Wakazi wa Magarini wanaijua ardhi ya aina hiyo. Kuanzia Gongoni hadi Marereni kuna nyanda za chumvi ambazo mgeni huzitazama na kuziita ardhi tupu. Kabla ya mtu yeyote kukubali kwamba ni tupu, na kabla ya jamii kuweka sahihi kwenye mkataba wa miaka mingi, inafaa kuelewa shamba la kamba hufanyaje kazi na huharibika vipi.

Jangwa lina faida zake. Jua ni la mwaka mzima, na kamba hukua haraka kwenye maji ya joto. Hakuna mto unaoleta tope na dawa za mashambani. Majirani ni wachache, hivyo magonjwa ya shamba jingine hayafiki kwa urahisi. Aina iliyofugwa Al Lith kwa miaka mingi ilikuwa kamba mweupe wa Bahari ya Hindi, anayeitwa kitaalamu Penaeus indicus, ambaye hupatikana pia hapa kwetu na ambaye huvumilia chumvi nyingi.

Lakini hata yeye ana kikomo, na hapo ndipo hesabu inapoanza. Maji ya bahari kwa kawaida huwa na takriban gramu 35 za chumvi kwa kila lita. Katikati ya Bahari ya Shamu hufikia karibu gramu 40. Chukua bwawa la hekta moja lenye kina cha mita moja: lina maji mita za ujazo 10,000, na ndani yake tani 400 za chumvi. Jua likikausha milimita 5 tu kwa siku, bwawa hupoteza lita 50,000. Maji huenda hewani, chumvi hubaki. Mfugaji akijazia kwa maji ya bahari, huongeza tani 2 za chumvi kila siku. Baada ya siku 50 asipomwaga chochote, chumvi itakuwa imefika gramu 50 kwa lita. Watu wa Gongoni hawahitaji kuelezwa zaidi, maana hiyo ndiyo kanuni ya mashamba ya chumvi yenyewe. Mfugaji wa kamba hutaka kinyume chake, kwa hiyo lazima avute maji mapya na kumwaga ya zamani wakati wote. Pampu ndizo moyo wa shamba. Gharama ya umeme au dizeli haiwezi kuahirishwa hadi mwezi ujao.

Mzunguko wenyewe ni mfupi. Jike hutaga mayai maelfu kwa maelfu, nayo huanguliwa ndani ya siku moja. Vifaranga hulelewa kwenye matangi, wakilishwa kwanza mwani mdogo usioonekana kwa macho, kisha vijidudu vya majini. Baada ya wiki mbili hadi tatu huwa tayari kuhamishiwa bwawani, ambako hukaa miezi mitatu hadi mitano. Kilo moja ya kamba huhitaji takriban kilo moja na nusu ya chakula, na mara nyingi chakula peke yake humeza nusu ya gharama zote. Chakula hicho hutengenezwa kwa unga wa samaki na soya. Mwekezaji anayesema kamba watajilisha kwa kile kinacholetwa na maji kujaa anazungumzia ufugaji wa zamani wa mavuno madogo, si biashara ya kuuza nje ya nchi.

Hatari kubwa ya kila siku huja alfajiri. Mchana, mwani ulio bwawani hutoa oksijeni. Usiku huacha kuitoa na kuanza kuitumia, sawa na kamba wenyewe. Maji ya mto yenye joto la nyuzi 20 yanaweza kubeba karibu miligramu 9 za oksijeni kwa lita, lakini maji ya Bahari ya Shamu kwa nyuzi 30 hubeba karibu 6 tu. Ikishuka chini ya miligramu 2 au 3, kamba huanza kudhoofika na kufa. Ndiyo sababu mashamba haya huwa na magurudumu ya umeme yanayopiga maji usiku kucha. Umeme ukikatika saa tisa za usiku na jenereta ikakataa kuwaka, mavuno ya miezi minne yanaweza kuwa yameoza kabla ya jua kupanda.

Kisha kuna maradhi. Ugonjwa wa madoa meupe, unaosababishwa na virusi, ulitambuliwa Asia Mashariki mapema miaka ya 1990. Haumdhuru binadamu, lakini unaweza kuua karibu kamba wote wa bwawa ndani ya siku 3 hadi 10, na hauna tiba. Jangwa lilidhaniwa kuwa ngao. Mnamo 2010 na 2011 virusi hivyo vililipuka katika mashamba ya Saudi Arabia, na muda mfupi baadaye vikaingia Msumbiji na Madagaska. Sekta ya Saudi Arabia ililazimika kuachana na kamba wa asili na kuanza upya kwa aina ya vannamei kutoka upande wa Amerika, ikitumia wazazi waliothibitishwa kuwa hawana ugonjwa. Kampuni kubwa yenye mtaji iliweza kujikwamua. Kikundi cha akiba chenye mabwawa mawili hakingeweza.

Ng'ambo ya bahari hiyohiyo, karibu na Massawa nchini Eritrea, mwanasayansi Mmarekani Carl Hodges alijaribu njia nyingine mwishoni mwa miaka ya 1990. Mradi wake, Seawater Farms, ulichimba mfereji kutoka baharini. Maji yaliyotoka kwenye mabwawa ya kamba, yakiwa na mabaki ya chakula na kinyesi, hayakumwagwa baharini moja kwa moja. Yalinyweshea salikonia, mmea unaostahimili chumvi na wenye mbegu za mafuta, kisha yakapelekwa kwenye mikoko iliyopandwa. Wazo hilo ni zuri kuliko mengi yaliyopita kwenye sekta hii: taka ya mmoja ni mbolea ya mwingine. Mradi ulisimama mwaka 2003, lakini kanuni yake ingali halali popote.

Kilifi nayo ina historia yake. Huko Ngomeni, mradi wa majaribio wa kamba ulioungwa mkono na FAO ulianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1970, na mabwawa yakachimbwa katika eneo la mikoko. Baadaye yaliachwa. Hapo ndipo tofauti na Al Lith inapoonekana. Kule hakukuwa na msitu wa kukata. Hapa mikoko ndiyo malezi ya kamba wachanga ambao mvuvi huwakuta baharini wakiwa wakubwa, na tope lake likichimbwa na kupigwa na hewa huweza kutoa asidi inayoharibu maji ya bwawa. Anayekata mikoko ili afuge kamba anaharibu mara mbili.

Kwa hiyo mradi ukiletwa kijijini, la kwanza kutazamwa ni mstari wa mikoko kwenye ramani: mabwawa yawe nyuma yake, kwenye nyanda zisizo na miti. Vifaranga vinatoka wapi, na nani amevipima? Maji machafu yanapita wapi kabla ya kufika baharini, na je, njia za wavuvi na visima vya maji baridi vitabaki salama? Mchanga huvujisha, hivyo bwawa lisilo na udongo wa mfinyanzi au plastiki chini yake linaweza kutia chumvi kisima cha jirani. Na mkataba useme nani atafukia mabwawa biashara ikifa.

Mradi wa aina hii huhitaji tathmini ya athari kwa mazingira na leseni ya NEMA kabla ya tingatinga kuwasha moto. Tangazo la kuwaalika wananchi kutoa maoni huchapishwa kwenye Gazeti Rasmi na kwenye gazeti linalosomwa eneo husika. Maoni ya maandishi huingia kwenye faili. Ya mdomo barazani hupotea, isipokuwa katibu ayaandike. BMU na wazee wa kijiji wana haki ya kuomba kuisoma ripoti nzima, si muhtasari wa kurasa mbili.