TANJENTI NA MTO TANA
Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Kila kipindi cha hesabu kikifika kwenye saini (si ile ya kutia kwenye barua), kosaini na tanjenti, hakosi mmoja nyuma ya darasa anayenong'ona, "Hii nayo yatusaidia nini huku Garsen?" Nimeona nimjibu kwa Kiswahili, maana chamani hapa ndiyo lugha yetu.

Jibu liko mtoni. Tuseme wataka kujua upana wa Tana. Kuvuka na futi mkononi haiwezekani, mamba hawana habari na hesabu zako. Basi chagua mwembe ulio kwenye ukingo wa ng'ambo, uuite C. Huku kwetu pigilia kigingi A, mkabala nao. Kutoka A pima mita 50 kufuata ukingo, kwa pembe mraba na mstari wa kwenda mwembeni, upigilie kigingi B. Pembe mraba haihitaji chombo: kamba ya mita 12 yenye mafundo ya kuigawa mita 3, 4 na 5, ikivutwa iwe pembetatu, yatoa digrii 90. Sasa simama B, pima pembe iliyo kati ya A na mwembe. Tuseme ni digrii 58. Tanjenti ya 58 kwenye jedwali ni 1.6003. Zidisha kwa 50, wapata mita 80. Umepima mto bila kulowa!

Wengi huishia hapo, lakini mimi naona utamu ndio waanza. Ukisoma digrii 59 badala ya 58, jibu linakuwa mita 83.2. Digrii moja tu imezaa mita tatu na zaidi. Kwenye daftari utapoteza alama moja. Shambani hiyo ni migomba ya mtu. Ndiyo maana mpima ardhi hatumii kipima pembe cha kwenye mkebe wetu wa hesabu. Anatumia theodolaiti, ambayo husoma mpaka sekunde: digrii moja ni dakika 60, na dakika moja ni sekunde 60. Akikosea sekunde moja katika mfano wetu, kosa halifiki hata milimita moja. Na bado hurudia kupima mara kadhaa.

Haya, tuje kwenye mipaka. Sote twajua mto huu hautulii. Katika karne ya 19 ulichimbwa mfereji wa Belazoni kuunganisha Tana na mto Ozi. Maji yakaupanua, na Tana ikawa yamwaga baharini kupitia Kipini. Kwa hivyo mzee akisema "shamba langu laishia mtoni", ni mto wa mwaka gani? Na mfugaji akisema malka ya kunyweshea ng'ombe wake ilikuwa hapa, hapa ni wapi baada ya mafuriko? Kati ya mwaka 2012 na mwanzo wa 2013 zaidi ya watu 100 waliuawa katika delta hii, na ugomvi wa ardhi, malisho na maji ulikuwemo. Siasa pia ilikuwemo, na siasa haina tanjenti. Lakini mpaka uliopimwa kwa pembe na umbali kutoka kwenye mawe yaliyosimikwa mahali pa juu hauhami mto ukihama. Mwembe ukichukuliwa na maji, mawe mawili yakibaki, pale uliposimama patajulikana tena.

Zoezi. Vigingi A na B viko pale pale. Mafuriko yamepita, mwembe haupo. Mwenye shamba wa ng'ambo amesimama kwenye ukingo wake mpya, mkabala na A vilevile. Kutoka B pembe sasa ni digrii 62, na tanjenti yake ni 1.8807. Je, mto umekula mita ngapi za shamba lake? Mimi nimepata 14.