SOMO LA HESABU: NAMBA KUBWA NA KIPIMO CHA TISA

Katibu wa chama cha msingi akifunga daftari la msimu na kuona jumla yake hailingani na ya ghala, huwa amepata siku mbaya. Wanachama huanza kunong'ona kabla hajaeleza neno. Huenda hakuna kilichoibiwa, ila tarakimu mbili zimebadilishana nafasi.

Mzumbe, chini ya milima ya Uluguru, pamekuwa mahali pa kuwafundisha watu kazi za namna hii tangu mwaka 1953, ilipofunguliwa shule ya machifu na watumishi wa serikali za mitaa. Mwaka 1972 pakawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, na mwaka 2001 Chuo Kikuu. Hata hivyo, kipimo kinachoelezwa hapa hakidai cheti. Chadai kujumlisha tu.

Ichukuliwe namba kubwa iliyo mali ya wote. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 katika Tanzania. Namba hiyo huishia na sifuri, basi hugawanyika kwa 10. Tarakimu zake tatu za mwisho, 120, hugawanyika kwa 8. Basi namba nzima hugawanyika kwa 8, kwa kuwa kila elfu hugawanyika kwa 8. Ikivunjwa hadi namba tasa, hupatikana 2 mara sita, kisha 5, 7, 43 na 641, zote zikizidishwa pamoja. Hayo ni ya kuburudisha akili. Linalomfaa katibu ni baki la 9.

Kumi ni 9 na 1. Mia ni 99 na 1. Kwa hiyo 700,000 ikigawanywa kwa 9 huacha 7, sawasawa na 7 peke yake. Basi yatosha kujumlisha tarakimu: 6+1+7+4+1+1+2+0 ni 22, na 2+2 ni 4. Sensa hiyo ilipata watu 59,851,347 Tanzania Bara na 1,889,773 Zanzibar. Tarakimu za Bara hutoa 42, yaani 6. Za Zanzibar 43, yaani 7. Sita na saba ni 13, yaani 4. Hesabu imekubali.

Lakini kipimo hiki kina upofu mmoja: tarakimu zikipinduliwa, jumla yake haibadiliki, na kosa hupita. Upofu huohuo ndio msaada wa katibu. Tuseme stakabadhi yasema kilo 5,740 za ufuta, na daftari lasema 5,470. Tofauti ni 270, nayo hugawanyika kwa 9. Tena 270 ni 90 mara 3: tarakimu za makumi na mamia zimepinduliwa, nazo zinapishana kwa 3. Katibu hatafuti tena daftari zima, bali mistari yenye tarakimu za namna hiyo tu.

Sifuri iliyosahauliwa nayo huacha alama ileile: 500 ikiandikwa 50, tofauti ni 450. Tofauti isipogawanyika kwa 9, itafutwe kwanza stakabadhi iliyorukwa. Na kwa kuwa tofauti yoyote yaweza kugawanyika kwa 9 kwa bahati tu, daftari lisisahihishwe kabla stakabadhi yenyewe haijaonekana. Namba ya zamani hupigwa mstari mmoja, ibaki ikisomeka, na ile sahihi huandikwa juu yake pamoja na saini.