Kabla Hujatia Bumu Lako kwenye Pikipiki

Mwaka wa pili nilipangiwa mazoezi ya kufundisha kwenye shule moja iliyo ndani kabisa huko Kibamba, na mimi naishi kwa mama mdogo, Kimara Korogwe. Ni kama kilometa 18 tu. Lakini ilikuwa daladala kwanza, halafu bodaboda kwenye barabara ya vumbi, na jioni hivyohivyo. Natoka nyumbani saa 11:15 alfajiri ili saa moja niwe mstarini na wanafunzi. Wiki mbili zilinitosha, nikaamua kununua pikipiki.

Tangu nianze kuja nayo chuoni, kila siku naulizwa kantini: ni shilingi ngapi, inakula mafuta kiasi gani, na mimi ninunue? Haya ndiyo majibu yangu, pamoja na makosa niliyofanya.

Anza na njia unayopita

Kosa la kwanza nilianza na macho. Niliona pikipiki moja ya cc 200, imechongoka kama ya kwenye filamu, nyekundu, bei poa. Bahati nzuri nilienda na fundi wa mtaani kwetu. Hakuangalia hata injini. Aliniuliza tu, "Madamu, kebo ya klachi ya hii ikikatika saa kumi na mbili asubuhi huko Kibamba, utaipata wapi?" Sikuwa na jibu.

Ndiyo maana vijiwe vya boda vimejaa Boxer na TVS. Sio kwamba madereva hawapendi vitu vizuri. Pikipiki hizo ni nyepesi kutengeneza, mafundi wanazijua, na spea zake zinauzwa hadi kwenye vibanda vidogo. Mtu anayeishi kwa pikipiki hawezi kukaa siku tatu akisubiri kifaa kutoka Kariakoo. Wewe mwenye kipindi saa mbili asubuhi pia huwezi.

Kwa safari za mjini za mtu mmoja, cc 100 hadi 150 zinatosha. Mimi nilichukua ya cc 125 iliyotumika. Angalia pia mwili wako. Kaa juu yake, nyayo zifike chini vizuri, uishushe na kuipandisha stendi mwenyewe. Mimi ni mfupi, na kuna pikipiki mbili niliziacha kwa sababu hiyo tu. Ukiwa kwenye foleni ya Mbezi, lori mbele na daladala nyuma, huo sio wakati wa kusimama kwa ncha ya kidole.

Kagua kabla hela haijatoka mfukoni

Ya dukani ni rahisi kukagua, ila wengi wetu tunanunua mkononi. Haya nilifundishwa na fundi wangu:

Gusa injini kabla haijawashwa. Ukikuta ina moto, muuzaji ameshaiwasha kabla hujafika, na huenda anaficha kwamba asubuhi inasumbua kuwaka. Omba urudi ikiwa imepoa.

Iwashe, uangalie moshi. Moshi wa rangi ya bluu unaoendelea kutoka maana yake injini inaunguza oili.

Angalia sproketi ya nyuma. Meno yakiwa yamechongoka na kulala upande mmoja, jiandae kununua cheni na sproketi zote mbili.

Mwisho, soma kadi. Namba ya chesisi na ya injini zilizochapwa kwenye chuma zilingane na zilizo kwenye kadi, na jina la kwenye kadi liwe la mtu aliyesimama mbele yako na kitambulisho chake. Hapa mimi nusura niumie. Pikipiki ya kwanza niliyokubaliana bei ilikuwa na kadi ya mtu wa tatu ambaye "yuko mkoani, atakuja". Niliondoka. Ukishalipa, umiliki unabadilishwa kupitia TRA. Usikae na kadi ya jina la mtu ukijiambia utashughulikia likizo.

Hesabu zangu, bila kuficha

Bei ilikuwa shilingi 1,450,000. Nilikuwa na akiba ya bumu na hela za tuisheni, na laki nne nikakopa kwa mama mdogo. Nikajua nimemaliza. Kumbe kubadilisha umiliki, bima, kofia ngumu, kufuli, oili na tairi la nyuma vilikula 340,000 nyingine kabla sijaenda hata siku moja. Leseni na mafunzo ya udereva nilishalipia likizo iliyotangulia, la sivyo ningekwama.

Nauli na bodaboda vilikuwa vinanigharimu 5,400 kwa siku. Pikipiki ilikuwa inatumia petroli ya kama 2,400. Tofauti ni 3,000. Siku 30 za kazi zilizobaki, nikaokoa 90,000. Linganisha na 340,000, halafu kumbuka bado sijagusa bei yenyewe.

Kwa hiyo mtu akikwambia pikipiki itakuokolea hela ndani ya muhula mmoja, mwambie akuoneshe hesabu. Yangu haikuniokolea hela, ila ilinipa muda: nilianza kutoka nyumbani saa 12:05 badala ya saa 11:15, na jioni nilifika mapema nikaandika maandalio ya somo nikiwa macho. Kwangu hilo lilistahili. Wewe jiulize saa zako utazifanyia nini.

Ukitaka kujua yako inakula kiasi gani, jaza tenki hadi juu, andika kilometa. Tembea siku kadhaa, jaza tena hadi palepale, andika lita zilizoingia. Gawanya kilometa kwa lita. Namba ikianza kushuka, pikipiki inakwambia kitu: huenda tairi halina upepo, chujio la hewa limejaa vumbi, au breki inakamata.

Kuishi nayo

Oili usiichezee. Ikague kila wiki na uibadilishe kwa kilometa zilizoandikwa kwenye kitabu chake. Nunua oili ya pikipiki, sio ya gari iliyobaki kwa mjomba. Kwenye pikipiki nyingi za gia, klachi inaogelea kwenye oili hiyohiyo ya injini, na baadhi ya oili za gari zinaifanya iteleze.

Cheni ipake mafuta, hasa baada ya mvua na vumbi. Iwe na mchezo kidogo, kwa kawaida sentimita 2 hadi 3 katikati. Ikibana inajikata, ikilegea inaruka.

Sasa kofia. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionesha kwamba kofia ngumu inapunguza hatari ya kufa kwa mwendesha pikipiki anayepata ajali kwa karibu asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Mimi nilijifunza kwa njia nyingine. Mvua ya kwanza ya msimu ilikuwa inaanza tu, barabara imelowa juu juu, vumbi na oili vimegeuka utelezi. Mbuzi akakatiza. Nikabana breki ya mbele kwa hofu, tairi likateleza, nikalala ubavu. Kofia iligonga lami, nikausikia mlio wake. Nilichubuka kiwiko, basi.

Siku ile mama mdogo hakufoka. Aliishika ile kofia, akaona ilivyochanika, akasema, "Kesho unanunua nyingine." Alikuwa sahihi, maana kofia iliyogonga imeshamaliza kazi. Tangu hapo nabana breki zote mbili taratibu, na mvua ikianza nasubiri kibandani. Ukinunua kofia, funga mkanda kisha ujaribu kuivua kwa kuivuta kutoka nyuma kuja mbele. Ikitoka, hiyo sio yako.

"Niazime mara moja"

Hili hakuna aliyenionya. Rafiki yangu wa karibu aliomba pikipiki akatoe kopi Mwenge, "dakika kumi tu". Hana leseni. Nilikataa, naye akaninunia karibu wiki mbili. Iliniuma. Lakini yeye akigonga mtu, bima inaweza kukataa kulipa kwa sababu aliyeendesha hana leseni, na kadi ina jina langu. Siku hizi jibu langu ni moja kwa wote: nitakupeleka mwenyewe, na kofia ya pili ninayo. Tumeshapatana, na yeye sasa anasomea leseni.

Basi, kama hosteli yako iko mwendo wa miguu kutoka darasani, usinunue. Kama unakaa mbali na njia yako inakula saa zako, nunua, ila bei ya pikipiki iandike pamoja na leseni, kadi, bima na kofia kwenye karatasi moja. Jumla ikikushinda, subiri muhula mwingine. Mimi laki nne za mama mdogo bado namalizia.