Kabla ya Kulipia Mchezo wa Kriketi

Mzazi wa Mlalo anayeshuka hadi Tanga kumnunulia mwanawe mchezo wa video wa Cricket 24 hana nafasi ya kukosea. Kurudisha diski isiyofaa ni kushuka upya milima ya Usambara, kupitia Soni na Mombo, na nauli hiyo hakuna atakayemfidia. Ndiyo maana tunashauri maswali yaulizwe dukani.

Mchezo huu ulitolewa Oktoba 2023, ukiwa na matoleo ya PlayStation, Xbox na kompyuta. Jina ni moja, lakini matoleo hayo hayaingiliani. Diski ya PlayStation 5 haichezi katika PlayStation 4, na Xbox Series S haina kabisa mahali pa kuingizia diski. Mlaji aipige picha mashine iliyopo nyumbani pamoja na maandishi yake. Kumwambia muuzaji kwamba ni "ile nyeusi" hakutoshi.

Jambo zito zaidi ni upakuaji. Wengi hudhani kwamba wakishika kasha wameshika mchezo. Yapo makasha ya michezo ya kompyuta yasiyo na diski. Ndani mna karatasi yenye namba ya kupakulia tu. Namba hiyo ikishaingizwa katika akaunti ya mtu mmoja, haimfai mwingine. Anayenunua kasha la namna hiyo likiwa limekwisha kutumika amenunua plastiki. Hata mwenye diski halali huweza kudaiwa nyongeza kubwa kupitia intaneti, na kwa familia inayotegemea vifurushi vya simu, gharama hiyo ni sehemu ya bei. Muuzaji aulizwe ni gigabaiti ngapi zinahitajika kabla mechi haijaanza, na jibu aliandike nyuma ya risiti.

Diski iliyotumika si kosa kuinunua. Ijaribiwe papo hapo hadi mpira wa kwanza urushwe, si hadi nembo itokee.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Aliyehakikishiwa kwamba mchezo hauhitaji intaneti, kisha akakuta unahitaji, atunze risiti ya EFD na kasha, wala asiitumie namba. Arudi kwanza kwa muuzaji. Asiposikilizwa, awasilishe malalamiko kwa maandishi katika Tume ya Ushindani, akiambatisha nakala ya risiti.