Maji ya Mvua Yasiingie Nyumbani



Kabla ya masika watu wengi hutazama paa. Huongeza nyasi, au hugonga misumari kwenye bati. Hiyo ni kazi nzuri. Lakini nyumba ya udongo huliwa pia na maji ya chini. Huliwa polepole, na mwenye nyumba haoni.

Tazama utambi wa kibatari. Ncha ya chini imo ndani ya mafuta, lakini mafuta hupanda mpaka juu. Ukuta wa matofali mabichi hufanya vivyo hivyo. Msingi ukikaa ndani ya maji, maji hupanda ukutani. Udongo hulainika na kumomonyoka. Ukuta mzito hubaki umesimama juu ya matope. Wakati wa mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 nyumba nyingi za udongo zilianguka.

Chunguza ukuta wako chini, karibu na sakafu. Je, una alama ya unyevu? Je, udongo unabanduka ukiugusa? Je, kuna ufa unaopanuka, au ukuta umeinama? Kama umeinama, usingoje fundi. Leo hii hamisha watoto wasilale chumba hicho.

Unyevu huleta maradhi pia. Mama mmoja alileta mtoto zahanati mara tatu katika msimu mmoja. Mtoto alikuwa akikohoa na kifua kinalia. Nilimwuliza, "Mama, mtoto analala wapi?" Akajibu, "Chini, kwenye mkeka, karibu na ukuta." Mkeka ulikuwa umeota ukungu. Dawa tulimpa, lakini dawa haikaushi sakafu.

Tena maji yakipita chooni huleta kinyesi uani. Minyoo ya safura hustawi katika udongo wenye unyevu. Huingia mwilini kwa nyayo za mtu asiyevaa viatu.

Sasa tufanye nini? Wengine hupiga plasta ya saruji juu ya ukuta uliolowa. Mimi sikubaliani nao. Unyevu hufungiwa ndani, na udongo huendelea kuoza nyuma ya saruji. Kwanza zuia maji, kisha ukuta ukauke, ndipo utengeneze.

Nyumba nyingi zimejengwa kwenye mteremko. Basi chimba mfereji upande wa juu, hatua 3 au 4 kutoka ukutani. Uupinde kama upinde wa mshale, ili maji yagawanyike na kupita pande zote mbili za nyumba. Kina kiwe kama kutoka kiwiko mpaka ncha za vidole. Udongo unaotoa uweke upande wa nyumba, uushindilie uwe tuta. Mfereji ushuke kidogo kidogo. Kila mita 10 ushuke sentimita 10 hivi. Ukishuka sana, maji yatachimba korongo. Hapo panga mawe.

Ukimaliza, mwaga debe la maji mahali mfereji unapoanzia kushuka. Yafuate mpaka mwisho. Yakisimama njiani, chimba tena mahali hapo.

Kama ardhi yako ni ya mfinyanzi na maji hutoka chini, jaza mfereji mawe. Makubwa yakae chini, madogo juu. Maji yatapita katikati ya mawe. Lakini lazima yawe na mahali pa kutokea.

Maji hayo yaende wapi? Yapeleke kwenye migomba. Yasiende kisimani, wala mlangoni kwa jirani. Ongea na jirani kabla ya kushika jembe. Kesi nyingi za mifereji zinaanzia hapo.

Chini ya mapaa jenga kibaraza cha udongo na mawe, kiinamie nje.

Safisha mfereji kila wiki wakati wa mvua. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, wanavijiji wengi walifukia madimbwi kwa sababu ya mbu. Yai la mbu huweza kuwa mbu anayeruka kwa muda wa wiki moja au mbili tu. Mfereji uliozibwa na majani utakuletea malaria mlangoni.

Jadilianeni darasani: Mvua ikinyesha, maji ya kwetu hutoka wapi na huenda wapi? Katika kitongoji chetu, ni nyumba ya nani tuanze nayo wiki hii?