SOMO LA VIKUNDI: NENO LINALOMWINUA ALIYEANGUKA



Mara nyingi tunapokutana tunaongea juu ya pesa: mchango, mkopo, faini, hesabu ya mweka hazina. Leo tuongee juu ya kitu ambacho kila mwanachama anakuja nacho mkutanoni hata siku ambayo hana senti mfukoni, yaani ulimi wake.

LENGO: Tukimaliza somo hili, kikundi kiwe kimekubaliana jinsi ya kuongea na mwanachama aliyeshindwa kutimiza wajibu wake.

MUDA: Saa moja na nusu.

1. TUONE

Katika kikundi kimoja cha akina mama, mwanachama alikopa shilingi 6,000 akanunua kuku. Alilipa 1,500, kisha akanyamaza miezi miwili. Siku ya mkutano katibu alisoma majina ya wenye madeni kwa sauti. Mwanachama mmoja akasema, "Wengine wetu huomba mkopo wakijua hawatalipa." Watu wakacheka. Yule mama hakujibu neno, na mkutano uliofuata hakuja. Hakurudi tena.

Baadaye ilijulikana kwamba kuku wake walikuwa wamekufa kwa kideri, karibu wote katika juma moja. Kumbe hakuna aliyemwuliza. Na kwa kuwa hakuulizwa, hakusema. Wenzake wangejua mapema, wangekimbia kwa afisa wa mifugo kuuliza habari ya chanjo, kwa maana kuku wao walikuwa bado wazima na kideri huzuiwa kwa kuchanja kabla ugonjwa haujaingia. Ulipofika kwao, walikuwa wamechelewa.

Basi tuhesabu hasara ya sentensi ile moja. Kikundi kilipoteza deni la shilingi 4,500, kikapoteza kuku wa wanachama wengine, na zaidi ya yote kikapoteza dada yao.

Mtume Yakobo, katika sura ya 3 ya barua yake, anaufananisha ulimi na moto mdogo unaoteketeza msitu mkubwa. Sisi Wakenya tumeuona moto huo. Neno "madoadoa" ni neno la kawaida, la alama kwenye nguo au kwenye ngozi ya mnyama. Lakini lilipotumiwa kuwaita majirani wa kabila lingine, wengi walifukuzwa makwao, hasa katika ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Mwaka 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ililiweka neno hilo katika orodha ya maneno ya chuki. Ukimpa mtu jina baya, unawaonyesha wengine jinsi ya kumtendea. Ndivyo ilivyo katika nchi, na ndivyo ilivyo katika kikundi cha watu 20.

2. TUAMUE KWA MWANGA WA NENO LA MUNGU

Msomaji mmoja asome Matendo ya Mitume 4:36-37, mwingine 9:26-27, na wa tatu 15:36-40.

Hapa tunakutana na Yosefu, Mlawi kutoka kisiwa cha Kupro. Mitume walimpa jina la Barnaba, maana yake mwana wa faraja. Tuangalie alifanya nini hata akaitwa hivyo.

Saulo aliporudi Yerusalemu, waamini walimwogopa. Walikuwa na sababu, kwa kuwa alikuwa amewatesa. Barnaba hakuwagombeza kwa woga wao. Alimchukua Saulo, akampeleka kwa mitume, akawaeleza yaliyotokea: jinsi Saulo alivyomwona Bwana njiani na jinsi alivyohubiri kwa ujasiri kule Damasko. Alisimama karibu na mtu aliyeogopwa, akasema mambo ya kweli juu yake.

Miaka baadaye kijana Marko aliwaacha Paulo na Barnaba katikati ya safari, huko Pamfilia. Walipotaka kusafiri tena, Paulo alimkataa Marko. Paulo hakusema uongo. Kijana kweli alikuwa amewaacha. Hata hivyo Barnaba alimchukua wakaenda pamoja Kupro. Tukifungua Waraka wa Pili kwa Timotheo 4:11 tunaona Paulo mwenyewe akiomba aletewe Marko, kwa sababu anamfaa katika kazi. Yule aliyeonekana hafai alipata nafasi ya pili, akawa msaada.

Tuelewe vizuri. Kutia moyo si kumsifu mtu ovyo. Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ukimwambia mwenye deni, "Wacha tu, hakuna shida," hujamsaidia, na wenzake waliochanga pesa hizo umewakosea. Barnaba hakuficha kosa la mtu. Alikataa tu kwamba kosa hilo liwe jina lake la milele.

3. TUTENDE

Tunapendekeza kila kikundi kijaribu mambo haya manne:

(a) Tuulize kabla ya kusema. Swali "Mama, imekuwaje?" linafungua mdomo. Neno "Wewe ni mkaidi" linaufunga.

(b) Tuanze faraghani. Katika Mathayo 18:15-17 Bwana Yesu anatufundisha kumwendea aliyekosa tukiwa wawili peke yetu, halafu na mtu mmoja au wawili, na mwisho ndipo jambo lifikishwe mbele ya wote. Vikundi vingi huanzia mwisho. Kabla majina hayajasomwa mkutanoni, watu wawili wamtembelee mwenzetu nyumbani.

(c) Tuseme tuliloliona kwa macho. Kama mtu ameletwa kikundini na maneno ya njiani, yule anayemfahamu asimame aseme, "Mimi nimelima naye, huyu ni mchapakazi." Na tunapomsifu mtu, tutaje kazi yenyewe: "Kitabu chako cha hesabu ni safi, kila mtu anaweza kukisoma."

(d) Neno lifuatane na hatua. Yule mama angeweza kuambiwa, "Deni bado ni lako, lakini hatutakuacha. Lipa 500 kila mwezi." Kwa miezi tisa angekuwa amemaliza 4,500, na bado ni mwanachama.

4. ZOEZI NA MASWALI

Watu watano waigize ule mkutano kama ulivyotokea. Halafu waigize tena wakifuata hatua hizo nne. Baadaye tujadili katika makundi ya watu wanne au watano:

- Yule mama alisikia nini moyoni mara ya kwanza? Na mara ya pili?
- Je, katika kikundi chetu kuna aliyeacha kuja kwa sababu ya neno? Ni nani atakayemtembelea, na lini?
- Kuna majina gani ya dharau tunayoitana kwa kabila, ukoo, ujane au umaskini? Tutayaacha vipi?
- Ni neno gani uliwahi kuambiwa likakupa nguvu ya kuendelea?

Katibu aandike makubaliano katika kitabu cha kumbukumbu, na mkutano ujao tuulizane yametekelezwa vipi. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, lakini hata aliyejikwaa ulimi anaweza kwenda kuomba msamaha.

SALA: Ee Bwana, ulimi wetu ni mdogo na kazi yake ni kubwa. Utufundishe kuuliza kabla ya kuhukumu, na kusema kweli kwa upendo. Aliyetuacha kwa sababu ya neno letu, utupe miguu ya kumfuata. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.